Wasanifu wenzangu wa Dodoma wanataka niwe mwenyekiti. Nikubali?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msanifu majengo, nimesajiliwa na Bodi miaka minne sasa, na nimeajiriwa katika ofisi ya watu watano hapa Area C, Dodoma. Wasanifu tulioko Dodoma na Singida tumeanza kukutana, na tunataka kuunda kamati ya Kanda ya Kati ndani ya chama chetu cha kitaifa. Wenzangu wananisukuma nichukue uenyekiti, wanasema najua kuongea. Kazi yenyewe haina malipo. Bosi wangu amenuna, anasema chama ni cha watu wa Dar wenye ofisi kubwa. Nina mtoto mdogo nyumbani. Je, nikubali? Na nikikubali, itanisaidia nini kikazi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kubali kujitolea, lakini uenyekiti kataa. Omba upewe kazi ya kuratibu mafunzo ya wenzako. Najua jibu hilo halitawafurahisha wenzako, kwa hiyo acha nieleze.

Kwanza tenganisha Bodi na chama, maana wateja wengi huvichanganya, na tuseme ukweli, hata baadhi yetu. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ni chombo cha serikali kilichopo kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya 1997. Ndiyo iliyokupa namba ya usajili, ndiyo inayoweza kukunyang'anya. Chama, AAT, yaani chama cha wasanifu majengo Tanzania, ni chetu wenyewe. Mtu anaingia kwa hiari yake, analipa ada, anachagua viongozi. Chama hakiwezi kumfungia mtu ofisi wala kusimamisha ujenzi. Nguvu yake ni kwamba kikitoa kauli, watu waamini kuwa kimefikiri kabla ya kusema.

Tofauti hiyo utaiona wiki ya kwanza. Ukishatangazwa kiongozi, atakuja mtu kutoka Nkuhungu au Ilazo na ramani zake zimekunjwa kwapani, anasema msanifu fulani kala hela na kazi hajamaliza. Usijifanye hakimu. Mpe kiti, msikilize, mwelekeze apeleke malalamiko Bodi kwa maandishi, na aambatanishe mkataba na risiti kama anazo. Halafu, na hapa ndipo wengi huteleza, usimpigie simu yule msanifu kumtonya. Ukimtonya mmoja leo, kesho kila mwenye kesi atakutafuta, na mteja aliyekuamini atasikia.

Sasa uenyekiti. Wanasema unajua kuongea, na hiyo ndiyo sababu inayonitia wasiwasi. Mwenyekiti wa kanda haitwi kuongea kwenye vikao tu. Anapigiwa simu saa nne asubuhi na ofisa wa wizara anayetaka mwakilishi wa chama kwenye kikao cha saa sita, siku hiyohiyo. Kwa Dodoma hilo si jambo la kufikirika, wizara ziko hapa. Wewe ni mwajiriwa katika ofisi ya watu watano. Ukiondoka mezani, asilimia 20 ya ofisi imeondoka, na bosi ana haki ya kununa.

Halafu kuna waandishi wa habari. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa. Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile, lakini kabla kamati haijakaa, mitandaoni kila mtu alikuwa ameshajua chanzo. Siku jambo kama hilo likitokea kwetu, Mungu apishe mbali, maikrofoni itamfuata mwenyekiti wa kanda. Anayejua kuongea ataongea. Atataja nondo, atataja mchanga, atamtaja mkandarasi, na kesho yake mchana atakuwa na barua ya wakili mezani. Anayepaswa kusimama pale ni mtu wa kutoa pole, kusema uchunguzi ndio utakaoeleza chanzo, kuwakumbusha wenye majengo wasivunje nguzo wala kuchimba chini ya jengo bila kibali na mhandisi, kisha akafunga mdomo. Kabla ya hayo yote awe ameshampigia Rais wa chama kumwuliza nani anasema kwa niaba ya nani. Kunyamaza kwa namna hiyo mtu hujifunza kwa kukaa karibu na uongozi muda mrefu. Usianzie hapo.

Kwa nini mafunzo basi? Kwa sababu ni kazi yenye mwisho. Semina ikifanyika Alhamisi, Ijumaa imekwisha, na kila mtu ameona kama umeweza au hukuweza. Uenyekiti unaweza kuushika miaka miwili bila yeyote, pamoja na wewe mwenyewe, kujua umefanya nini. Pia mafunzo ndiyo yatakayoleta wanachama. Msanifu wa Singida halipi ada kwa sababu umemwambia umoja ni nguvu, analipa akiona anapata kitu ambacho asingekipata peke yake.

Na vitu vya kufundishana hapa Dodoma vimejaa. Chukua NeST. Tangu mfumo huo wa manunuzi ya umma uchukue nafasi ya TANePS mwaka 2023, ofisi ndogo ya usanifu isiyoujua imejifungia nje ya kazi za serikali. Nimeona wasanifu hodari wa kuchora wakishindwa zabuni kwa kukosa kupakia kiambatisho kimoja, au kwa kukipakia mahali pasipo pake dakika kumi kabla ya muda kufungwa. PPRA, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma, iko hapahapa. Andika barua, omba mtu mmoja aje kwa muda wa saa mbili na nusu, kila mshiriki aje na kompyuta yake na nyaraka halisi za ofisi yake. Usimruhusu mgeni asome slaidi. Mwombe afungue mfumo, aonyeshe wapi watu wanakosea. Hiyo iwe semina yako ya kwanza, na nina hakika ukumbi utajaa.

Ya pili ningeipeleka kijijini. Sisi tunachora vioo na alumini kwenye mji wenye jua la Dodoma, halafu tunamwambia mteja aongeze AC. Wagogo wamejenga tembe kwenye nchi hii kavu kwa vizazi: nyumba ndefu ya chini, kuta za miti na udongo mnene, paa bapa la magogo na fito lililofunikwa udongo, vyumba vimezunguka ua wa mifugo. Paa bapa la udongo linawezekana mahali ambapo mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, ukilipeleka Bukoba litayeyuka. Siku ya Usanifu Majengo Duniani ni Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Mvua za Dodoma bado, barabara za vijijini zinapitika. Kodi Coaster, nendeni Chamwino au Bahi mkapime tembe moja iliyobaki kwa utepe, mchore mkato wake, mchukue joto la ndani na la nje saa nane mchana. Peleka taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba apewe chake kwa usumbufu, msimwachie picha za pamoja tu. Michoro hiyo mkiiweka vizuri ni mchango ambao hata wenzetu wa Dar hawana.

Kuna pia matetemeko. Dodoma iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na tunaujua mtikisiko, lakini ni wangapi kati yetu tunakaa na mhandisi wa miundo mapema, kabla ya kuchora ghorofa lenye nguzo nyembamba chini kwa ajili ya maduka na kuta nzito juu? Hiyo ni semina ya tatu, na ifanyeni pamoja na wahandisi.

Bodi nayo inasisitiza mafunzo endelevu, kwa hiyo waandikie miezi kadhaa kabla kuuliza kama yenu yatahesabiwa na kwa masharti gani. Usitangaze pointi za mafunzo ambazo Bodi haijakuahidi. Mtu akisafiri kutoka Manyoni kwa ajili ya pointi halafu akazikosa, hutamwona tena.

Tarehe ziangalie sana. Mgeni wa Dodoma hupanga semina Mei kisha anashangaa bei ya ukumbi. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la Bajeti, mji umejaa, nyumba za wageni zimejaa, na ofisa uliyemwalika atakuambia saa mbili asubuhi kwamba ameitwa bungeni kujibu swali. Panga Agosti au Septemba. Ijumaa mchana waache Waislamu waende msikitini, Jumamosi kuna Wasabato, Jumapili usithubutu. Jumatano saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu inafaa karibu wote, na wewe unawahi kumlaza mtoto. Kikao kinachoanza saa moja usiku hotelini kikisubiri "wakubwa" ni namna ya kuwaondoa akina mama kwenye uongozi bila kuwaambia. Kitu kidogo, lakini mpangaji akiwa wewe kitabadilika.

Fedha hapa ndipo nitakuwa mkali. Wapo watakaokuambia, "tutume tu kwenye namba yako, utatoa kesho." Usikubali hata shilingi moja kwenye simu yako binafsi. Haijalishi kama wewe ni mwaminifu. Baada ya miezi mitatu, ada za semina zitakuwa zimechanganyika na hela ya maziwa na marejesho ya mkopo, na huwezi kumwonyesha mtu taarifa ya simu yako bila kumwonyesha maisha yako. Malipo yaende kwenye akaunti ya chama, kwa risiti, hata kama inachelewesha. Chakula na ukumbi mhazini alipe moja kwa moja. Wewe baki na orodha ya walioshiriki na bajeti ya ukurasa mmoja. Uliza pia mapema nani anagharimia nauli na vocha zako, na posho msiwalipe washiriki wenyewe. Nchi yetu imezoea posho ya kikao kiasi kwamba mtu anaweza kuuliza "bahasha" kwenye semina inayomfaidisha yeye. Mtakaowapoteza kwa hilo wacheni waende.

Kabla hujasema ndiyo, omba katiba ya chama uisome mwenyewe. Tafuta mahali inapozungumzia kanda au matawi: nani anaidhinisha, nani anafungua akaunti, muhuri unatoka wapi, muda wa uongozi ni upi. Kama haizungumzii, viongozi wenu waandike makao makuu waombe idhini ya maandishi kwanza. Vyama vya hiari viko chini ya macho ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na kujitangazia uongozi kabla chama chenyewe hakijaukubali ni kutafuta ugomvi. Kamati isiyotajwa popote ni kundi la WhatsApp lenye muhuri. Kundi lenu, nadhani, limeshafanya kazi nzuri ya michango ya misiba na harusi, na hilo si dogo, lakini wizara haijibu barua ya kundi.

Omba pia mihtasari ya vikao mlivyokwisha kufanya. Ukikuta imeandikwa "wajumbe walijadili kwa kina suala la mafunzo na kukubaliana lifanyiwe kazi", jua kwamba hakuna kilichoamuliwa. Mwombe katibu, kwa adabu, aandike hivi: "Semina ya NeST ifanyike Jumatano ya pili ya Septemba, barua kwa PPRA iandikwe na mratibu wa mafunzo kabla ya Julai 15, bajeti isizidi kiasi hiki." Ukipata katibu wa kuandika hivyo, kazi yako imepungua nusu.

Nije kwa bosi. Kusema chama ni cha Dar ana nusu ya ukweli. Ofisi nyingi ziko kule na vikao vingi vimekuwa kule. Nusu nyingine ni kwamba mteja mkubwa amehama. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikaa kwenye makaratasi miaka mingi, lakini leo Mtumba, mji wa serikali, ipo, wizara zipo, na tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, ni wenzetu wa Dar wanaopanda asubuhi kuja kwetu. Kamati ya hapa inaweza kufika ofisi ya serikali kwa bodaboda. Mji huu ulipangwa kwa mpango wa 1976 uliochorwa na Wakanada, CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikausimamia mpaka ilipovunjwa 2017, na sasa Jiji ndilo linalobeba mzigo wa vibali na viwanja. Jiji likiita wadau kutoa maoni, sisi huwa tunakwenda kulalamika kwa mdomo. Kurasa mbili zinazotaja kifungu, zinazoeleza tatizo kwa mchoro mmoja na kupendekeza maneno mbadala, zikiwa na saini ya Rais wa chama, zinabaki kwenye faili. Hilo mwambie bosi, atalielewa, maana ni yeye anayesubiri vibali.

Ila usiende kwake na hotuba. Nenda na kalenda. Mwambie: mwaka mzima ni semina tatu, na kwa kila moja nitahitaji saa chache za ofisi ambazo nitazifidia, na hizi hapa tarehe. Mwambie hutatumia printa ya ofisi kwa kazi za chama bila kumwomba. Mwambie pia, kabla hajauliza, kwamba hutatumia jina la chama kuitafutia ofisi kazi. Huenda hilo ndilo analolitamani kimoyomoyo, lakini ni afadhali alisikie mapema.

Maana umeuliza itakusaidia nini kikazi. Kama unategemea tenda, usiingie. Mtu anayegawa kadi ya ofisi yake kwenye semina ya chama hugundulika siku hiyohiyo. Ukialikwa kwenye kikao kinachohusu mradi ambao ofisi yenu imeomba, tamka hivyo mwanzoni na utoke nje, na katibu aandike kwamba umetoka. Na wenzako wakianza kukubaliana bei za kuwapa wateja, wakatishe. Washindani kukaa pamoja kupanga bei ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hata kama mnafanya kwa nia ya kulinda fani dhidi ya wachoraji wa mtaani.

Utakachopata ni kingine. Utawajua watu wanaosoma michoro yako upande wa pili wa kaunta, na wao watakujua kama mtu anayejibu barua kwa wakati. Utajifunza kuandika barua ya serikali. Utasoma sheria yetu yenyewe, jambo ambalo wengi wetu tulilifanya mara ya mwisho kabla ya mtihani wa Bodi. Miaka ikienda, ukitaka, kuna meza kubwa zaidi: makubaliano ya wasanifu kutambuana ndani ya Afrika Mashariki, Umoja wa Wasanifu wa Afrika uliozaliwa Lagos mwaka 1981, UIA, umoja wa wasanifu wa dunia nzima. Wanaokaa kwenye meza hizo hawalipwi pia, usijidanganye.

Kubali kwa mwaka mmoja, na iandikwe hivyo. Barua pepe ya mafunzo ifunguliwe kwa jina la kamati, nywila ziwe kwako na kwa katibu, na kila semina iwe na folda yake: barua, bajeti, orodha, namba za simu za ukumbi. Mwaka ukiisha unakabidhi folda na kupokelewa kwa saini. Kama mtoto ataumwa au ofisi itapata kazi kubwa katikati ya mwaka, sema mapema na upunguze semina iwe mbili. Hakuna atakayekulaumu kwa mbili zilizofanyika.

Kuhusu uenyekiti, wenzako watakuuliza, "Sasa tumpe nani?" Dodoma hamkosi msanifu aliyestaafu utumishi wa umma, anayejulikana wizarani, mwenye muda wa mchana na asiye na zabuni yoyote ya kugombea. Nendeni wawili mkamwone nyumbani kabla ya siku ya kikao. Mtu mzima akipendekezwa mbele za watu bila kuulizwa atakataa, hata kama alikuwa anautaka.